Zoezi Linalomjibu Mtoto

Wengi wetu huku pwani tuna jamaa Nairobi, na baadhi yao wanaishi Dandora, mtaa wa Eastlands ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nyumba za huko zimesongamana, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kusahihisha madaftari yote kabla jua halijatua. Juma hili twazungumzia njia moja ya kumpunguzia mzigo huo: kuyageuza mazoezi aliyoyapiga chapa kwenye kompyuta yawe kurasa ambazo mtoto huzijibu, nazo zikamjibu.

Itakumbukwa kwamba shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea Oktoba 12. Waliosalia wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi ile walimu wengi walituma mazoezi kwa WhatsApp, yakiwa faili za Microsoft Word au picha za karatasi. Zoezi lilifika, lakini mtoto aliyeandika jibu hakujua papo hapo kama amepata au amekosa, na mzazi aliyetaka kulichapisha alilipia kila ukurasa.

Word yenyewe yaweza kuhifadhi waraka kama ukurasa wa wavuti. Hata hivyo, kipatikanacho ni karatasi ileile juu ya kioo: nukta za kujazia zipo, mahali pa kuandika hapapo. Kugeuza hasa ni kulitazama kila swali na kujiuliza mtoto afanye nini hapo: achague, ajaze pengo, aoanishe, au apange maneno yaliyovurugwa? Kisha mwalimu huandika jibu sahihi, pamoja na neno la kumwongoza aliyekosa.

Kazi hiyo haihitaji fundi wa kompyuta. Programu iitwayo Hot Potatoes, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, hutumiwa bila malipo tangu 2009. Mwalimu hunakili kifungu chake kutoka Word, hukibandika humo, huchagua neno na kuliamuru liwe pengo. Programu humwandikia ukurasa mzima. Zoezi la maneno matupu huwa faili moja tu. Likishaingia simuni, hufunguliwa kwa kivinjari bila kula bando, na jirani aweza kumpa jirani kwa Bluetooth.

Faida yake si ya kupunguza karatasi tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kwa kusoma. Wengine walijaribu kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtoto anayejiuliza na kujijibu hujifunza, hata pale asipopewa alama.

Pamoja na hayo, yako mambo matatu ambayo hapana budi kuyaangalia. La kwanza, majibu yamefichwa ndani ya ukurasa wenyewe, na kijana mjanja aweza kuyafukua. Kwa hiyo kurasa hizi ni za mazoezi, wala hazifai mtihani.

La pili, simu ya mulika mwizi haiwezi kuufungua ukurasa huu, na katika nyumba nyingi simu nzuri ni moja, nayo huondoka na baba alfajiri. Mwalimu akiiondoa karatasi kabisa, atakuwa amewafungia mlango wale wale waliokuwa na haja kubwa zaidi. Karatasi na ibaki kwa wasio na simu, na wenye simu wapewe muda wa jioni.

La tatu latugusa sisi wa pwani. Mtoto aliyelelewa Mombasa kisha akahamia Dandora aweza kuandika "yuwala" pale mashine inapongoja "anakula". Mwalimu humweleza kwamba hilo ni neno la kwao, lina heshima yake, na kwamba shuleni huandikwa Kiswahili sanifu. Mashine humwambia amekosa, basi. Mtoto akiambiwa hivyo kila jioni, ataanza kuona haya kwa lugha ya nyanya yake. Dawa ipo: programu hupokea majibu zaidi ya moja, na kila jibu laweza kupewa maelezo yake. Lakini dawa hiyo huwekwa na mtu anayeijua lahaja, ilhali mwalimu wa Dandora huenda hajapata kuisikia.

Basi wazazi mlioko huko, mwambieni mwalimu maneno ambayo watoto wenu huyatumia nyumbani. Nanyi vijana mlio na kompyuta, mwendeeni mwalimu wa mtaani kwenu mumsaidie kugeuza zoezi moja kila juma. Haba na haba hujaza kibaba, na kufikia mwisho wa muhula darasa litakuwa na akiba yake. Lijaribuni kwanza kwenye simu ya bei nafuu, mbele ya mtoto mmoja, na mmtazame anapokosa. Hapo ndipo mtakapoona kama ukurasa wenu wafundisha au wahukumu tu.