Viti Viwili Thika Road: Gari la Spoti Laweza Kukupeleka Kazini Kila Siku?

Haya jamani, leo naiweka tarakilishi kando kidogo. Sijaiacha fani, la hasha! Ila kuna swali moja ambalo limenichosha masikio. Naulizwa na askari wa lango kazini, naulizwa na kinyozi, naulizwa hata na shangazi zangu kule Murang'a: "We kijana, hilo gari la watu wawili ndilo unaendea kazini kila siku? Kwani umekosa la kawaida?"

Jibu langu fupi ni ndiyo, ndilo. Tena naamini wengi wetu tunaoendesha magari makubwa peke yetu tungetosheka na dogo kama hili. Jibu refu lina shimo katikati, na nitawaonyesha shimo lenyewe lilipo, maana mimi nilishatumbukia.

Kwanza gari. Ni Mazda Roadster, ambalo nje ya Japani wengi hulijua kama MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari 1989, na kufikia Aprili 2016 Mazda walikuwa wameshaunda magari milioni moja ya aina hii. Hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lililouzwa kwa wingi kama hili. Langu ni la mwaka 2016, kizazi cha nne, gia za mkono. Niliagiza kutoka Japani mwaka 2023, na ilibidi niharakishe kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Ukitaka kuagiza lako, jua mapema kwamba KRA hawapigi hesabu ya ushuru kwa bei uliyolipa wewe. Wanachukua bei ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yao, kisha wanapunguza kulingana na umri wake. Wengi wamefika Mombasa na tabasamu wakarudi na mkopo.

Watu wakiona umbo lake hudhani linakunywa mafuta kama lori. Injini yake ni lita 1.5, ukubwa uleule wa Probox nyingi mnazoziona zikibeba mkate na miraa. Uzito wake ni kama tani moja tu. Kwenye foleni zetu napata kilomita 12 hivi kwa lita moja. Na kwa kuwa Nairobi iko juu sana, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo wale mnaodhani naruka kama ndege, poleni. Matatu za Thika Road hunipita zikipiga muziki.

Sasa raha yake iko wapi? Natoka Kahawa Sukari hadi Westlands, kupitia Roysambu, Muthaiga, Pangani na Forest Road. Hakuna mahali kwenye njia hiyo ambapo kasi itakusaidia saa moja asubuhi. Lakini gari hili halihitaji kasi ili likufurahishe. Umekaa chini, usukani unakuambia kila kokoto unayokanyaga, gia zinaingia kwa kifundo cha mkono tu. Kwa kilomita 40 kwa saa unajihisi unaendesha kweli, ilhali kwenye gari nililokuwa nalo zamani nilijihisi nimekalia kochi linalosogea. Paa ni la turubai na nalikunja kwa mkono mmoja bila kutoka kitini. Asubuhi ya Januari, kabla moshi wa dizeli haujaamka, hakuna starehe ya bei nafuu kuishinda hiyo. (Simu weka mbali. Paa likiwa wazi, kila anayepita ana mkono mrefu.)

Karaha nazo zipo, sitazificha. Tumbo la gari liko sentimita 14 hivi kutoka ardhini. Juma la kwanza tu nilikwaruza chini kwenye tuta lisilo na rangi wala alama, karibu kabisa na kwangu. Tangu siku hiyo matuta nayapanda kimshazari, gurudumu moja moja, huku wa nyuma wakinipigia honi kama nimewaibia. Gurudumu la akiba halipo. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo, na shimo la barabarani haliogopi gundi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, gari lilikaa nyumbani na mimi nikapanda matatu kama kila mtu. Buti nalo ni la lita 130. Mama alinipa mkungu wa ndizi, nao ukasafiri kutoka Murang'a hadi Kahawa ukiwa kwenye kiti cha abiria, umefungwa mkanda. Polisi alitusimamisha, akautazama, akacheka, akaturuhusu twende.

Lakini hayo yote si hoja. Hoja ambayo kila mtu hunipiga nayo ni viti. "Na siku ukihitaji kubeba watu?"

Mimi ni mtu wa programu, sipendi kubishana bila takwimu. Basi kwa miezi 6 niliandika kila safari kwenye lahajedwali: tarehe, kilomita, tulikuwa wangapi. Zilikuja safari 412. Katika 403 nilikuwa peke yangu au na mtu mmoja. Safari ambazo nilihitaji kiti cha tatu zilikuwa 9 pekee. Nikafurahi kama mtoto! Hii ndiyo hesabu tunayoifanya kazini kila siku. Huwezi kununua seva ya kuhimili siku ya matokeo ya KCSE halafu ikakaa bure mwaka mzima ikila stima. Unanunua ya kutosha mzigo wa kawaida, na siku ya kishindo unakodisha. Krismasi nikikodi Noah ya kupeleka binamu zangu ushago, bado nimeokoa. Nikawa nawahubiria watu hesabu hiyo mezani, harusini, kila mahali.

Kisha ukaja usiku mmoja wa Novemba 2024. Wazazi wangu walikuwa wamenitembelea. Saa nane usiku Mama aligonga mlango wangu: Baba hawezi kupumua vizuri. Mvua inanyesha. Nikaita teksi kwa simu, dereva wa kwanza akakubali kisha akaghairi, wa pili hakupatikana. Baba akiketi kwenye kiti kimoja na mimi kwenye kingine, nafasi zimekwisha. Mama alisimama langoni, leso kichwani, akasema, "Nendeni. Mimi nitawafuata."

Tulifika hospitali. Daktari akauliza: mzee anatumia dawa gani za presha? Ana mzio wa dawa yoyote? Baba hakuweza kusema. Mimi sikujua. Aliyejua ni Mama, na karatasi ya dawa ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba wake ulikuwa Kahawa. Nilimpigia simu mara tano. Hakusikia, alikuwa juu ya bodaboda kwenye mvua. Miaka 63, usiku wa manane, Thika Road. Alifika baada ya dakika 40 akiwa amelowa chapachapa, akatoa ile karatasi aliyokuwa ameizungushia mfuko wa plastiki, akamkabidhi daktari kabla hajaniangalia mimi.

Baba alipona, tunamshukuru Mungu. Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani alilitazama gari kwa muda, akalipapasa boneti, akasema, "Gari ni zuri. Lakini ni la mtu asiye na watu."

Nililala na maneno hayo juma zima. Nikaifungua lahajedwali yangu nikaona kosa ambalo ningemkaripia mwanagenzi yeyote akilifanya kazini. Nilihesabu safari kwa idadi, sikuzihesabu kwa uzito. Safari ile ya usiku ilikuwa mstari mmoja kati ya mistari mamia, sawa na safari ya kununua maziwa. Hebu fikiria nakala za akiba za data. Mwaka mzima hazitumiki hata mara moja, ila hakuna mtu mwenye akili anayezifuta kwa sababu hiyo.

Je, niliuza gari? Hapana. Na hapa ndipo natofautiana na Baba, kwa heshima zote. Majirani zangu wengi hawana gari kabisa, na usiku kama ule wasingekwama nilivyokwama mimi, kwa sababu wao wana mpango. Wanamjua dereva, wana namba yake, wamekubaliana bei mchana. Aliyekuwa hana mpango ni mimi mwenye gari. Kilichomwacha Mama langoni ni viti viwili pamoja na kiburi cha kudhani hesabu yangu imekamilika.

Sasa nina mpango. Jirani yangu wa nyumba ya nne ana Fielder ya teksi. Tumeelewana, nampigia saa yoyote, na kila mwisho wa mwezi nampa kitu kidogo hata kama sikumwita. Picha ya karatasi ya dawa za Baba iko kwenye simu yangu, ya dada yangu na ya Mama. Gharama yake haifikii hata robo ya kuburuta viti vitatu vitupu hadi Westlands kila asubuhi. Siku nikijaliwa mtoto, mjadala utakwisha: kiti cha mtoto mchanga hakifai kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa, na gari hili halina nyuma. Siku hiyo nitaliuza bila kulia sana.

Kwa hiyo ukinuia kununua gari, liwe la viti viwili au kumi na vinne, andika safari zako kwanza, uone ni ngapi unazifanya na watu wangapi. Halafu zipange upya, ile ambayo ukiikosa utajuta maisha yako yote iwe juu kabisa. Kama una njia nyingine ya kuifanya hiyo ya juu, basi nunua gari la hizo nyingine, na usimwogope askari wa lango.

Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa Roysambu, paa wazi iwapo mvua itanihurumia. Ukiniona napanda tuta kimshazari, tafadhali, usinipigie honi.