Tusimsingizie Mungu



Lipo neno moja ambalo juma hili tunalikataa hadharani, ingawa limevikwa kanzu ya uchaji. Ni lile ambalo baadhi ya viongozi hulisema penye maafa, maiti zikiwa bado hazijatambuliwa: “Ni mapenzi ya Mungu.”

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Atakayetaja mapenzi ya Mungu mbele ya hesabu hiyo atujibu: ni Mungu aliyekata tiketi zile?

Bwana wetu alipoutaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18 (Lk 13:4), hakuwalaumu marehemu wala hakumtwika Baba lawama. Aliwageukia wazima, akawadai toba. Na toba ya mwenye madaraka, tuseme wazi, huanza kwa kutaja kilichoharibika.

Watatujibu kwamba wafiwa wanahitaji faraja, si uchunguzi. Hoja hiyo ina uzito. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayu 2:13), na huo ndio uliokuwa utumishi wao bora. Walipofungua vinywa na kumfafanulia nia za Mungu, ndipo walipokosa, hata Mungu mwenyewe akawakasirikia (Ayu 42:7). Angalieni: waliokemewa ni watetezi wa Mungu, si mlalamikaji!

Mama aliyesimama ufukweni tangu jioni akimngoja mwanawe haulizi theolojia. Anataka kuambiwa wangapi wameopolewa, wangapi hawajaonekana, maiti zinatambuliwa wapi, na saa ngapi atarudi mtu na habari mpya. Kiongozi asiyejua aseme hajui, kisha arudi saa ile aliyoahidi. Akinyamaza, uvumi utahutubia badala yake. Akipunguza idadi leo, kesho hataaminiwa hata akisema kweli.

Nasi makleri, tunaowakaribisha viongozi kusema mwishoni mwa Misa ya mazishi, tunao wajibu. Kabla ya kumkabidhi mtu kipaza sauti, tumwulize amewaletea wafiwa habari gani. Kama anayo pole tu, apokewe kwa heshima, aketi pamoja nao.