Fundi wa Rangi Hulipwa Mwisho



Nyumba ikikwisha kujengwa hapa Kisumu, iwe ni ghorofa ya Milimani au vyumba vya kupangisha vya Manyatta, watu husifu rangi yake. Hapana mtu asemaye msingi ni mzuri, wala hapana apandaye juu kuzitazama mbao za paa. Watu hutazama ukuta. Na fundi aliyeupaka ukuta huo, siku hiyo ya sifa, mara nyingi yuko mlango wa nyuma akingoja fedha zake.

Sababu yake si ngumu. Mchimba msingi aliingia wakati mfuko wa tajiri umejaa. Mwashi akalipwa, seremala akalipwa, na mafundi wa mabomba na umeme wakalipwa kwa kuwa waliweza kukataa kufungua maji au kuwasha taa. Fundi wa rangi huingia mwisho, na wakati huo pesa zimekwisha kuliwa na saruji na mabati. Hana bomba la kufunga. Rangi ikishakauka ukutani haiwezi kurudishwa ndani ya mkebe. Basi tajiri asiye na pesa huanza kutafuta kosa.

Na katika mji huu wa ziwani kosa halikawii kuonekana. Plasta mpya yataka kama wiki nne kukauka kabla ya kupakwa rangi, na wakati wa mvua kubwa, toka Machi hata Mei, yataka zaidi. Lakini kontrakta ana haraka. Siku ya kumi anasema, “Paka!” Fundi akisema tungoje, ataambiwa wako wengine wengi pale Kondele na Kibuye wanaotafuta kazi. Anapaka. Mwezi haujaisha rangi imevimba kama malengelenge, inabanduka, na chumvi nyeupe inatoka ukutani. Yule aliyeleta haraka amekwisha kulipwa na kwenda zake, na jina linalotajwa ni la mpaka rangi. Salio lake linazuiwa, na pengine anaambiwa apake tena kwa mkebe wa kununua mwenyewe.

Sisi twasema jambo hili si haki, na dawa yake ni karatasi. Fundi akiamriwa kupaka ukuta mbichi, na aandike: tarehe, chumba gani, na nani aliyeamuru. Kisha huyo aliyeamuru atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, hapo mwenyewe amekwisha kukuonyesha kwamba anajua ukuta haujakauka.

Jambo la pili ni hesabu ya kazi yenyewe. Watu hudhani kupaka rangi ni kupaka rangi. Kwanza kuna kukwangua rangi ya zamani, kuosha ukuvu na masizi, kuziba nyufa kwa pati, kupiga msasa, kufuta vumbi, kufunika sakafu na vioo, kisha rangi ya kwanza ya kushikia. Brashi ya rangi ile mama mwenye nyumba aliyoichagua dukani pengine itashikwa siku ya nne. Akija siku ya pili na kuona ukuta una madoadoa ya pati, atafikiri fundi anacheza. Na kwa kuwa kazi huhesabiwa kwa chumba, siku zile tatu za kwanza hufanywa bure. Mwanachama akitaja bei na aitaje kwa mafungu mawili, fungu la kutengeneza ukuta na fungu la kupaka, na la kwanza lilipwe kabla ya la pili kuanza. Tajiri atanung'unika. Lakini ndivyo mwashi alivyolipwa, hatua kwa hatua, na nyumba ikasimama.

Tusifiche pia kwamba wako mafundi wanaotia maji mengi katika rangi ili mkebe mmoja uuzwe pembeni, na wako wanaopokea pesa za kwanza wasionekane tena. Hao ndio wanaompa tajiri mdomo wa kusema juu yetu sote. Chama hakitasimama kortini kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Pato la kazi hii hupanda na kushuka kuliko maji ya ziwa. Desemba watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi na kila mmoja ataka ukuta mpya. Januari pesa zote zimekwenda kwa karo za shule. Kabla ya mkutano mkuu wa Africities wa Mei 2022 mji ulijipamba, na mwenye brashi alikuwa mtu wa kutafutwa. Wageni walipokwenda, simu zikanyamaza. Wenzetu wa kuandika mabango ya maduka wamepata pigo jingine: mashine huchapa bango la plastiki kwa muda mfupi, na mkono uliojifunza herufi miaka mingi unabaki na mashua za Dunga na kuta za shule.

Sasa afya. Tangu reli ilipofika mwaka 1901, gati letu limekuwa na kazi ya kukwangua kutu na kupaka meli, na mv Uhuru iliporudi majini mwaka 2019 kazi hiyo ilikumbukwa tena. Rangi za zamani za chuma na za nyumba nyingi zilikuwa na risasi. Hatari yake ilijulikana zamani sana. Shirika la Kazi la Dunia lilifanya mapatano juu ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika milioni kwa rangi mpya, lakini kikomo hicho hakiwezi kuitoa risasi iliyo katika ukuta wa zamani. Ukwanguapo, lowesha maji kwanza. Usipige msasa mkavu, wala usirudi na nguo za kazi kwa watoto, maana risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Tena mwaka 2007 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni walithibitisha kwamba kazi ya kupaka rangi huongeza saratani ya mapafu na ya kibofu. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Kinga ya kweli ni juu ya mwajiri kuinunua.

Kuhusu sheria, wengi hawaijui, na wako makontrakta wanaofurahi hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, yasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Mwenye kazi ya kipande alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyofanya, au kazi ikwishapo, lolote litanguliapo. Kifungu cha 37 chasema kibarua ambaye siku zake za kazi zinazofuatana zimetimia mwezi ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Na kifungu cha 10 chasema kesi ikifika mbele ya sheria na mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi. Aliyechukua kazi kwa mapatano yake mwenyewe, bila kuajiriwa, mlango wake ni Korti ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza katika siku 60. Milango yote hiyo hutaka ushahidi. Daftari la senti chache, lenye tarehe, mahali, saa na pesa zilizopokelewa, limeokoa madai mengi kuliko maneno makali.

Karatasi za mapatano zimekwisha kupigwa chapa, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, na ziko kwa katibu bila malipo. Kila mwanachama achukue mbili kwa kila kazi: moja yake, moja ya tajiri. Walio mbali, Mbita, Homa Bay na Usenge, wamtume mwenzao ajaye mjini.