Kidonge Hakiponyi Jino Bovu

Wahenga walinena kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Siku hizi wagonjwa wengi wamejitungia msemo wao: dawa ya jino ni amoksilini. Jino likiuma usiku, asubuhi mtu hupita duka la dawa, hununua vidonge vichache bila cheti cha daktari, humeza mpaka maumivu yatulie, na vilivyosalia huviweka akiba. Desturi hii yafaa ikomeshwe, na hoja ya kuikomesha imetoka katika maabara za wanamikrobiolojia.

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini. Kwa panya wa kawaida, wenye bakteria kinywani, viini vilikufa na majipu yakatokea. Kwa panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote, viini vilibaki hai na tundu likaanza kujiziba. Ikadhihirika kwamba kinachoua kiini ni bakteria, wala si tundu peke yake.

Basi kwa nini dawa ya kuua bakteria isitoshe? Jibu limo katika umbile la jino. Dawa iliyomezwa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakipitiwi na damu. Humo bakteria hujijengea utando na kustawi. Maumivu yakitulia, huenda neva imekufa au usaha umepata njia ya kutokea, chanzo kingalipo. Tiba ni kusafisha na kuziba mzizi, au kung'oa jino, na jipu litolewe usaha.

Viuavijasumu vina mahali pake: penye homa, uvimbe unaoenea usoni au shingoni, au kinga ya mwili iliyo dhaifu. Tena mwenye uvimbe chini ya taya, au anayeshindwa kumeza au kufumbua kinywa, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa.

Kila dozi isiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Amoksilini inayotumiwa ovyo kwa jino ndiyo hiyo hiyo inayotegemewa kumwokoa mtoto mwenye nimonia.

Ni kweli kwamba duka la dawa li karibu na tabibu wa meno yu mbali. Lakini umbali huo haugeuzi kidonge kuwa tiba. Mhudumu wa afya asiandike dawa ili kumaliza mazungumzo. Aandike rufaa, na ampe mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu. Nao wapangaji wa huduma wahakikishe kila kituo cha afya kina ganzi, koleo na mtu ajuaye kuvitumia. Hapo ndipo utafiti wa maabara utakapomfikia mwenye jino linalouma.