Tairi la kunata halimfundishi mtu kupiga kona

Juni 20, 2006, jijini Cologne, Ujerumani. England dhidi ya Sweden, Kombe la Dunia. Dakika ya kwanza tu, Michael Owen yuko chini. Hakuna Mswidi aliyemgusa. Goti lilijipinda lenyewe, Owen akatambaa mpaka nje ya mstari, na mashindano yakaishia hapo kwake. Ligamenti ilikuwa imechanika.

Mashabiki wa soka wameiona picha ile mara nyingi, kwa majina tofauti. Mchezaji yuko peke yake, anageuka, anaanguka ameshika goti. Madaktari wa michezo wameeleza sana namna inavyoweza kutokea. Njumu zimeng'ang'ania nyasi, mwili umeshageuka, mguu umegoma kufuata. Mguu unapokataa kuteleza, nguvu haipotei. Inapanda juu kutafuta sehemu dhaifu, na goti ndilo linalolipa.

Chini ya kilomita 100 kutoka uwanja ule, kwenye milima ya Eifel, kuna mahali ambapo somo hilo hilo linafundishwa kwa magari. Panaitwa Nürburgring. Barabara yake ya kaskazini ilifunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa kilomita 20.8 na kona 73. Jackie Stewart, bingwa wa dunia mara tatu, aliibatiza Jehanamu ya Kijani. Hakuwa anatania.

Utamu wa jehanamu hii ni kwamba hata raia anaingia. Siku za wazi mtu analipa, geti linafunguliwa, anapita na gari lake lile lile analoendea sokoni. Sheria ni za barabara ya kawaida, kuovateki ni kushoto tu, kupima muda ni marufuku. Ni ndondo ya magari. Mhasibu, fundi bomba, mwanafunzi, wote wamo.

Na kama ilivyo kwenye ndondo, kabla ya mechi watu wanaangalia viatu. Kwenye maegesho stori kubwa ni matairi. Kila dereva wa ridhaa anataka yale ya kunata, ya mpira laini, yenye kashata chache, yanayokaribia kuwa vipara kwa makusudi. Ubavuni kuna namba. Yokohama Advan A052, mmoja wa wafalme wa soko hilo, ina 200. Matairi mengi ya magari ya kifamilia yana 400 na kuendelea. Namba ikiwa ndogo, maana yake tairi linakwisha haraka. Mpira laini unashika sana na unaliwa upesi. Huwezi kupata vyote.

Je, yanafanya kazi? Sana. Hapo hakuna ubishi. Dereva anatoka mzunguko wa kwanza akiwa na macho ya mtoto aliyepewa jezi mpya. Gari linaingia kona kama limefungwa kamba. Ndiyo maana watu wananunua.

Swali la kujiuliza ni moja. Nani amekuwa bora, dereva au tairi?

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Tairi la kawaida linaloshika vizuri linaipita kwa takriban kilomita 80 kwa saa kabla ya kuanza kuteleza. Ongeza mshiko kwa asilimia 20 na mwisho wake unakuwa kama kilomita 87. Saba tu. Lakini kishindo hakipandi kama kasi. Gari likichomoka kwa kasi hiyo mpya, nguvu linayokwenda nayo ukutani imeongezeka kwa asilimia 20. Dereva ni yule yule. Macho ni yale yale. Ukuta haujasogea.

Kuna jambo baya zaidi. Tairi la kawaida lina mdomo. Linalia mapema, linateleza polepole, linamwambia mtu hapa umekosea. Kwa anayejifunza, ule mlio ni kocha. Tairi la kunata mara nyingi linakaa kimya na kusamehe makosa matatu, manne, matano. Aliyeingia kona vibaya anatoka salama akidhani aliingia vizuri. Kosa la sita linamkuta kwenye kasi kubwa, na nafasi ya kurekebisha ni ndogo.

Halafu turudi kwenye goti la Owen. Nguvu haipotei. Tairi likishika zaidi, dereva anakwenda kasi zaidi na kukanyaga breki kwa nguvu zaidi. Joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, DOT 4 nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa miaka kadhaa, viwango hivyo vinashuka hadi 140 na 155. Yakichemka yanatengeneza mvuke, pedali inakwenda mpaka chini, na gari halisimami. Kwenye kona ndefu, oili ya injini nayo inakimbilia upande mmoja wa sampo. Pampu inanyonya hewa. Injini inanoki huku matairi yako safi kabisa.

Gari limepewa njumu za Ulaya, goti ni lile la zamani.

Wapo watakaosema tairi la kunata ni usalama, kwa sababu linasimamisha gari mapema. Ni kweli, kama dereva atabaki kwenye kasi ile ile ya jana. Nani anabaki? Hakuna anayenunua tairi la kunata ili aende taratibu.

Wanaoyajua matairi kuliko sisi sote huyaheshimu. Juni 2005, Indianapolis, Ralf Schumacher alipata ajali mazoezini siku ya Ijumaa baada ya tairi la nyuma kushindwa kwenye kona ya 13. Michelin wakachunguza, wakaona hawawezi kuyaamini matairi yao kwenye kona ile. Jumapili, magari 14 yaliyovaa Michelin yalifanya mzunguko wa kujipanga kisha yakaingia gereji. Mbio za Formula One zikakimbiwa na magari sita. Mashabiki walizomea, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hakuna dereva aliyekwenda hospitali Jumapili ile. Wale walikuwa na wahandisi, kompyuta na mabilioni. Kijana mwenye gari la mkopo ana nini?

Somo hili si la Wajerumani peke yao. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, na ugonjwa wa magari umepanda Afrika Mashariki yote. Vijana wa Subaru hawahitaji kufundishwa mapenzi. Wanahitaji kufundishwa mpangilio wa matumizi.

Kwanza mafuta mapya ya breki na pedi zinazostahimili joto. Pili, mwalimu wa kukaa kiti cha pembeni. Tatu, kipimo cha upepo, maana tairi likipata moto upepo hupanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6, na lililojazwa vizuri asubuhi linakuwa gumu mchana. Tairi la kunata lije mwisho. Akinunua lililotumika, asome tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani uliopikwa na joto mara nyingi unakuwa mgumu hata kama kashata zinaonekana nzima. Na mvua ikinyesha wakati wa kurudi nyumbani, kashata chache hazitoi maji ya kutosha. Lami inageuka sabuni.

Siku dereva atakapopita mstari ule ule mizunguko mitano mfululizo kwa matairi ya kawaida, bila kelele na bila kubahatisha, aende dukani. Atakuwa anajua anachonunua. Kabla ya hapo ananunua goti la Owen.