Mwendo wa Gari Ndio Mwendo wa Abiria
Na Hatibu bin Shamte

Mama ampakataye mwanawe garini huamini kwamba hapana mahali pa salama kuliko kifua chake, na imani hiyo ni ya kweli nyumbani, njiani kwa miguu, hata katika msukosuko wa kituo cha basi. Lakini gari likiisha kushika mwendo, kisha likagonga, mikono ile haina uwezo wa kumzuia mtoto, si kwa upungufu wa mapenzi, bali kwa kanuni ya maumbile isiyombagua mama na mtu baki.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kitu kilichotulia hudumu katika utulivu wake, na kiendacho hudumu kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyoka, maadamu hapana kani ya nje ya kukibadili. Isaac Newton aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1687, ila fikra haikuanza naye. Wafuasi wa Aristotle walishika kwa karne nyingi kwamba kila kiendacho sharti kisukumwe muda wote, rai ambayo macho huiunga mkono, kwani mpira ubingirikao mchangani husimama. Lakini mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema kwamba kitu kilichorushwa hupewa mwelekeo usiofifia wenyewe, bali huondolewa na vizuizi vya nje kama hewa.

Jaribio linivutialo kupita yote ni la padri Mfaransa, Pierre Gassendi, ambaye mwaka 1640, katika bahari ya Marseille, alitaka merikebu ya makasia iendeshwe mbio, kisha tufe liachwe lianguke kutoka juu ya mlingoti. Kwa rai ya kale, merikebu ingesonga mbele wakati tufe likiwa hewani, nalo lingeanguka nyuma, upande wa tezi. Likaanguka shinani pa mlingoti. Tufe lilikuwa limekwisha kuupokea mwendo wa merikebu, ukawa mali yake, na kuachwa na mkono hakukulinyang'anya kitu.

Hali ya abiria ni hiyohiyo. Ameketi, amesinzia, naye hudhani kwamba gari ndilo liendalo, kumbe kila mfupa wake unakwenda kilomita 80 kwa saa, na breki, ambazo hushika magurudumu, hazimshiki yeye. Breki zikishikwa taratibu, msuguano wa kiti humpunguzia mwendo pamoja na gari. Lakini gari likigonga mti, husimama ghafla, naye huendelea mbele kwa kasi aliyokuwa nayo, mpaka akutane na usukani, au kioo, au kisogo cha aliyeketi mbele yake.

Hesabu zake zastahili kutazamwa bila haraka. Kugonga kwa kasi ni sawa na kuanguka kutoka juu: aangukaye kutoka kimo cha mita 10 hufika chini kwa kasi ya kilomita 50 hivi kwa saa. Kasi ikizidi mara mbili, kimo huzidi mara nne, kikakaribia mita 40. Ama mtoto wa kilo 10, ndani ya gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ili asimamishwe katika umbali wa nusu mita huhitaji kani iliyo sawa na uzito wa kilo 200 hivi. Hapana mama, wala mchukuzi wa bandarini, awezaye kuudaka mzigo huo ghafla, ilhali mwili wake mwenyewe nao unatupwa mbele.

Mkanda upitao begani na kiunoni, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, huigawa kani hiyo juu ya mifupa ya kifua na nyonga, na kumpunguzia mtu mwendo pamoja na gari. Kenya, mwaka 2004, waziri John Michuki aliwalazimisha wenye matatu kuweka mikanda na vidhibiti mwendo, nami naihesabu amri ile miongoni mwa amri za haki kabisa zilizopata kutolewa kwa ajili ya barabara zetu.

Lakini mkanda ule umekatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Kuwafunga mama na mtoto kwa mkanda mmoja huzidisha hatari, kwani gari likigonga, uzito wa mama humwelemea mtoto, akabanwa baina ya kifua na mkanda. Mtoto ahitaji kiti chake, kilichofungwa imara, na kichanga aelekezwe nyuma, ili mgongo wote uipokee kani badala ya shingo. Viti hivyo ni ghali, na wengi wetu hatuna magari. Kwa hiyo nawaelekea wenye mabasi ya masafa marefu, ambao huuza tikiti kabla ya siku ya safari na waweza kumwuliza kila mnunuzi kama anasafiri na mtoto. Kila basi na liwekewe viti viwili au vitatu vya watoto, vikaguliwe pamoja na breki na matairi, na mama apewe bila kutozwa nauli ya ziada.