Kolwezi: shaba inapangiwa safari, mkazi wa Kasulo anajipangia mwenyewe

Kijana anayemaliza chuo kikuu hapa Kolwezi na kusema anataka kazi ya kupanga usafiri huulizwa kwanza kama anataka kuwa dereva. Swali lenyewe si la ajabu. Katika mji ambako malori ya shaba na kobalti hayalali, usafiri maana yake ni lori. Mtu anayekaa na ramani akitafuta kujua ni watu wangapi wanatoka wapi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa nini, hajulikani.

Kazi ya kupanga ipo, ila imeegemea upande wa madini. Kampuni zinaajiri vijana wa lojistiki: kufuatilia malori hadi mpaka wa Kasumbalesa, kutayarisha hati za forodha, kulinganisha gharama za bandari ya Durban na ya Dar es Salaam. Sasa kuna na Lobito, Angola. Mwisho wa Desemba 2023, mzigo wa majaribio wa shaba ya Kamoa-Kakula ulifika huko kwa reli baada ya siku 8 tu, wakati lori huchukua majuma kufika Durban. Upande wa Angola reli hiyo imekabidhiwa muungano wa kampuni za Ulaya kwa miaka 30. Upande wetu, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, ni ya SNCC. Kila tani inajulikana iko wapi na itafika lini.

Tutazame sasa Kasulo. Mwaka 2014 wakazi walianza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao, mashimo yakapita chini ya nyumba na njia. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, uchimbaji ukawekwa chini ya CDM, kampuni tanzu ya Huayou ya China, na familia zilizokaa pale zikahamishwa. Familia ikihama, safari zake zote zinabadilika: shule, soko, hospitali, kazi. Mpangaji wa usafiri ndiye angeuliza kabla ukuta haujajengwa: watoto watapita wapi, na nauli ya pikipiki itakula kiasi gani cha pato la siku?

Atoke wapi mtu huyo? Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinatoa wahandisi. Anayetaka masomo ya mipango miji anaweza kwenda hadi Kinshasa. Akirudi na diploma, mlango wa serikali ni Office des Routes, OVD au divisheni ya uchukuzi ya jimbo. Na hapo ndipo wengi wanapochoka. Katika ofisi za serikali nchini, mtumishi mpya mara nyingi huingia kama « nouvelle unité »: anafika kila asubuhi, anafanya kazi, lakini hana matrikili wala mshahara, na hali hiyo inaweza kudumu miaka. Mgodi unalipa kila mwezi. Nani atamlaumu akienda kuhesabu malori?

Hoja ya kwamba pesa hazipo haisimami vizuri Lualaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrahaba kwa komini, sekta au usultani wenye mgodi, na kila kampuni inadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kumpa mpangaji mmoja kandarasi ya kweli. Ni gharama ndogo kuliko barabara iliyochongwa mahali ambapo hakuna anayepita.

Wakati huo haujafika, kuna njia iliyopitwa Nairobi. Wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo; mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatolewa, na wakuu wa mji wakaipokea. Simu kama hizo ziko Kasulo. Programu ya ramani QGIS haina malipo. Mhitimu anaweza kukaa kwenye njia panda wiki moja, ahesabu pikipiki, baiskeli, malori na wanaotembea kwa miguu, aandike saa na nauli. Daftari hilo ndilo angelipeleka komini pamoja na barua ya kuomba kazi, badala ya diploma peke yake.